Diski Ife, Daftari la Umma Lisife

Hivi karibuni mzee mmoja wa Kisiwa cha Mafia alifika katika chumba chetu cha habari akiwa na bahasha ya kaki mkononi na uchovu wa safari usoni. Alikuwa ametoka Kilindoni kwa chombo hadi Nyamisati, akaishika barabara ya Kilwa kupitia Mkuranga na Mbagala, ndipo akaipata barabara ya Morogoro na kufika Kibaha, makao makuu ya mkoa wetu wa Pwani. Alikuja kufuatilia jalada la kiwanja chake katika kata ya Pangani; si Pangani ile ya Tanga penye mto, bali Pangani hii yetu ya Kibaha, ambako nyumba mpya zinainuka kila mwaka mahali palipokuwa na mashamba na vichaka. Katika ofisi aliyoiendea alijibiwa kwa maneno matatu tu: "Kompyuta imekufa, mzee."

Hatukusudii kuitaja ofisi hiyo. Lengo letu si kumwaibisha mtumishi mmoja, kwani tunaamini kwamba lililotokea pale laweza kutokea kesho katika ofisi nyingine yoyote, iwe Kisarawe, Kilindoni, Chake Chake au Dodoma. Tulichofanya ni kufuatilia jambo hilo mpaka mwisho wake, na tuliyoyaona ndiyo yaliyotusukuma kuandika maoni haya.

Mashine yenyewe tuliikuta imefunikwa kitambaa, kama maiti inayongoja wazishi. Ilikuwa kompyuta ya mezani ya aina ile ambayo kioo na mtambo wake vimefungwa ndani ya kasha moja, aina inayopendwa sana maofisini kwa sababu haichukui nafasi na haina utitiri wa waya. Barua ya kuomba ifutwe katika daftari la mali na kununuliwa nyingine ilikwisha kuandikwa. Siku chache baadaye alikuja fundi kijana. Akachomoa waya wa umeme, akailaza mashine kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa, akafungua skrubu za nyuma, akatoa kifaa chenye ukubwa usiozidi sana ule wa pakiti ya karata, na mahali pake akaweka kingine. Kazi yote ya mikono haikuchukua saa moja. Mashine ikawaka, na waliokuwapo wakapiga makofi.

Lakini makofi hayo hayakudumu. Mashine ilikuwa nzima, ila ilikuwa tupu. Orodha, barua, majedwali na michoro ya miaka kadhaa havikuwamo, wala nakala yake haikuwapo mahali pengine popote. Na diski ile mbovu, ambayo ndiyo iliyobeba siri za mamia ya wananchi, ilikuwa imewekwa dirishani karibu na kikombe cha chai.

Katika kisa hiki kimoja yamo makosa matatu. La kwanza ni kuihukumu mashine nzima kwa ugonjwa wa kiungo kimoja. La pili ni kuiweka amana ya umma mahali pamoja bila nakala. La tatu ni kukitupa kilichoharibika bila kujali kilichomo ndani yake. Yote matatu yanaponyeka, na yote matatu yanahitaji uamuzi wa viongozi kuliko yanavyohitaji fedha.

Yafaa kwanza tueleze diski hii ni kitu gani, maana wengi huitumia kila siku bila kuiona. Ndani ya diski ya kawaida mna sahani moja au zaidi, zinazong'aa kama kioo na zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa kidogo kinachosoma na kuandika kwa nguvu ya sumaku, na pengo lililopo kati ya kichwa na sahani ni dogo mara maelfu kuliko unene wa unywele. Kampuni ya IBM ilipotoa diski ya kwanza ya namna hii mwaka 1956, mtambo wake ulikuwa na sahani 50, ukakaribia uzito wa tani moja, na uwezo wake ulikuwa herufi zipatazo milioni tano. Leo diski inayoenea kiganjani hubeba maelfu ya mara zaidi ya hizo. Uwezo umekua, lakini udhaifu umebaki ule ule: kitu kinachozunguka mchana na usiku, siku moja kitachoka.

Wala kuchoka huko si ajali ya kushangaza. Kampuni ya Backblaze ya Marekani, ambayo kazi yake ni kuhifadhi data za watu, imekuwa ikichapisha tangu mwaka 2013 hesabu za diski zake nyingi mno, na kwa wastani wa miaka ya karibuni diski kati ya moja na mbili katika kila 100 hufa kila mwaka. Hizo ni diski zinazotunzwa katika majengo yenye baridi, umeme usiokatika na hewa safi. Ofisi yenye kompyuta 50, hata kama ingekuwa na utunzaji kama huo, ingepaswa kutarajia kufiwa na diski moja kila mwaka mmoja au miwili. Ofisi zetu hazina utunzaji huo. Umeme hukatika ghafla diski ikiwa katikati ya kuandika, vumbi huziba matundu ya hewa, na joto hupanda ndani ya kasha lile jembamba ambamo kila kitu kimebanana.

Kwa hiyo mkuu wa ofisi anayesema kwamba diski imemfia ghafla anasema kweli nusu. Siku ya kifo huwa haijulikani, lakini kifo chenyewe kilijulikana tangu siku ya kununua. Mara nyingi hata dalili huwapo: mashine huchukua muda mrefu kuwaka, majalada hufunguka kwa kusuasua au hugoma kabisa, na pengine husikika mlio wa kugonga-gonga kutoka ndani. Anayeziona dalili hizo na kuendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kitu anafanana na nahodha anayeona maji yakiingia chomboni naye akaamua kumaliza kwanza chakula chake. Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kuelezwa mwisho wa nahodha wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye kosa la kwanza. Kompyuta iliyofiwa na diski haijafa. Kioo chake kizima, kibodi yake nzima, na ubongo wake mzima. Kilichoharibika ni ghala lake, nalo hubadilishwa. Leo fundi anaweza kuweka badala yake diski isiyo na sahani wala kichwa cha kuzunguka, ile inayohifadhi kila kitu katika vipande vya kielektroniki. Hiyo haina kelele, hustahimili zaidi mitikisiko, na huifanya mashine ya miaka mingi iwake upesi kuliko ilivyokuwa mpya. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya kompyuta nyingine. Kuifuta mashine kama hiyo katika daftari la mali ni sawa na kuuza gari kwa chuma chakavu kwa sababu betri imekwisha.

Hata hivyo tungekuwa hatuwatendei haki mafundi wetu kama tungesema kwamba kazi hiyo ni nyepesi daima. Kompyuta hizi za kasha moja hazifanani. Ziko zinazofunguka kwa nyuma kwa skrubu chache, kama ile tuliyoiona. Lakini ziko pia ambazo watengenezaji wake wamezifunga kwa namna ambayo yaelekea hawakutaka zifunguliwe. Kampuni ya Apple, kwa mfano, tangu mwishoni mwa mwaka 2012 ilianza kugandisha kwa gundi vioo vya kompyuta zake za iMac, na fundi hulazimika kuikata gundi hiyo kwa uangalifu mkubwa na kuweka nyingine baada ya kazi. Katika baadhi ya mashine za miaka iliyotangulia, aliyeweka diski ya kawaida alishangaa kuona feni zikivuma kwa nguvu zote, kwa sababu kipimajoto cha mashine kilikuwa kimefungamanishwa na diski za kiwanda. Na kampuni hiyo hiyo mwaka 2012 ilitangaza kubadilisha bila malipo baadhi ya diski za Seagate zilizokuwa katika mashine zake zilizouzwa kati ya Oktoba 2009 na Julai 2011, kwa kuwa zilikuwa na uwezekano wa kuharibika. Hivyo hata mashine ya bei kubwa, yenye jina kubwa, haiepukani na jambo hili.

Somo letu hapo ni la ununuzi. Ofisi ya umma inapoagiza kompyuta, huuliza bei, kasi na ukubwa wa kioo. Ni mara chache tunasikia ikiulizwa: je, diski yake inafikika? Je, vipuri vyake vinapatikana Kariakoo au Darajani, au mpaka viagizwe ng'ambo? Je, fundi wa Kibaha anaweza kuifungua bila kuivunja? Maswali hayo ni bure kuyauliza, na yangestahili kuandikwa katika kila tangazo la zabuni. Wenzetu wa mataifa tajiri wamekwisha kuona umuhimu wake. Jimbo la New York nchini Marekani lilipata mwezi Desemba 2022 sheria inayowataka watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki kuwapa wenye vifaa na mafundi huru vipuri, zana na maelekezo ya kutengenezea, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwongozo wa kuhimiza ukarabati wa bidhaa. Ikiwa wenye viwanda wanadai haki ya kutengeneza walichonunua, sisi tunaonunua kwa fedha za kigeni tuna sababu zaidi ya kuidai.

Taifa letu limewahi kulipia somo hili. Kompyuta ya kwanza ya Serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka iliyofuata ilileta hasara na mashaka, hasa katika kazi ya kuweka hesabu za Serikali, kwa kuwa mitambo ilitangulia na wataalamu wa kuiendesha na kuitunza wakabaki nyuma. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo likadumu kwa miaka mingi kabla ya kulegezwa. Hatulitaji jambo hilo kwa ajili ya kuwacheka waliotutangulia. Walikuwa na uchungu wa fedha za wananchi. Lakini tunajifunza kwamba mashine bila fundi ni mzigo, na kwamba dawa ya mzigo huo si kuifukuza mashine, ni kumfundisha fundi. Kujitegemea kulikotangazwa Arusha mwaka 1967 hakukuwa kwa jembe peke yake. Kunahusu pia bisibisi.

Twaja sasa kwenye kosa la pili, ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kupita yote. Diski hununuliwa dukani. Kumbukumbu za wananchi hazinunuliwi popote. Wahenga wetu wa pwani wana msemo ambao kina mama wameuvaa katika kanga: mali bila daftari hupotea bila habari. Yaliyotokea katika ofisi ile ni mabaya kuliko hayo, kwani daftari lilikuwapo, lakini lilikuwa moja, nalo likapotea pamoja na habari zake.

Tujilinganishe na karatasi tunayoidharau. Katika Nyaraka za Zanzibar pale Kilimani zimo barua na hati za karne ya 19 ambazo bado zinasomeka. Katika Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam yamo majalada ya utawala wa Kijerumani, ambayo mwaka 1997 yaliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia, na maandishi ya Kiarabu ya Zanzibar yalifuata katika orodha hiyo mwaka 2003. Karatasi hizo zimepita katika vita, mvua za masika na mchwa. Sisi, wenye mitambo ya ajabu, hatuwezi kumwonyesha mwananchi barua aliyoandikiwa miaka mitatu iliyopita. Vizazi vijavyo vitajua zaidi habari za liwali wa zamani kuliko za ofisa wa ardhi wa leo, na hilo ni jambo la kusikitisha.

Wapo watakaotujibu kwamba mifumo mikuu ya Serikali siku hizi huhifadhi data katika vituo maalumu, na kwamba kufa kwa diski ya mezani hakuna athari. Tunakubali kwamba hatua kubwa imepigwa, na tunaipongeza Serikali kwa hatua hiyo. Lakini kila aliyewahi kukaa ofisini anajua kwamba si kila kitu huingia katika mfumo. Orodha iliyochapwa usiku kabla ya mkutano wa kijiji, mchoro wa viwanja uliopigwa picha, muhtasari wa kikao cha usuluhishi, majedwali ya waliolipa na wasiolipa, hivyo hubaki ndani ya mashine ya mtumishi mmoja. Na mara nyingi ni hivyo hasa ambavyo mwananchi huvihitaji anapodai haki yake.

Wataalamu wana kanuni rahisi ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuikariri: nakala tatu za kila jambo muhimu, zikae katika vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati ya hizo ikae mbali na jengo hilo. Nakala ya kwanza ni ile iliyomo katika kompyuta. Ya pili yaweza kuwa katika diski ya nje inayofungiwa kabatini kila jioni. Ya tatu ipelekwe kwingine, iwe kwa njia ya mtandao kwenye kituo cha Serikali kilichoidhinishwa, au kwa mkono wa mtumishi mwaminifu na kwa kuandikiwa stakabadhi. Kwa Mafia, na kwa Unguja na Pemba vilevile, tungesema nakala ya tatu ivuke bahari. Moto, mafuriko au wizi unaokipata kisiwa usiwe na uwezo wa kufuta historia ya kisiwa hicho.

Na nakala isiyojaribiwa si nakala. Kuna ofisi ambazo zina diski ya akiba kabatini, lakini hakuna aliyewahi kuifungua kuona kama kilichomo kinasomeka. Angalau mara moja kila miezi mitatu mkuu wa ofisi achague jalada lolote, aseme, "Nirejeshee hili kutoka kwenye nakala," na asiondoke mpaka alione kwa macho yake. Jaribio hilo halihitaji semina wala posho.

Tuongeze neno kwa wale ambao wamekwisha kupatwa. Diski inapoanza kuonyesha dalili, au inapogoma, usiizime na kuiwasha mara kumi kwa matumaini. Kila mzunguko waweza kuikwaruza sahani zaidi. Zima, andika saa na dalili ulizoziona, kisha mwite fundi; na agizo la kwanza kwa fundi liwe kuokoa kilichomo, na la pili ndilo liwe kubadilisha diski. Tumesikia mafundi wengi wakilalamika kwamba huitwa baada ya ofisi nzima kujaribu bahati yake. Kichwa cha diski kikishaanguka juu ya sahani, uokoaji wake huhitaji chumba kisicho na vumbi hata chembe, gharama yake ni kubwa kuliko ya mashine yenyewe, na mafanikio hayana hakika.

Kosa la tatu ni lile la dirishani. Watu wengi hudhani kwamba diski iliyokufa imenyamaza. La hasha. Mara nyingi kilichokufa ni chombo cha kusomea, na maandishi yamebaki salama juu ya sahani, yakimngoja mwenye ujuzi na nia. Hata diski nzima ambayo mtu ameamuru mashine "ifute" kila kitu, kwa kawaida huwa imefutiwa orodha tu, kama kitabu kilichochanwa ukurasa wa yaliyomo. Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo cha MIT nchini Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walitoa taarifa ya diski kuukuu 158 walizozinunua sokoni. Katika hizo, 129 zilikuwa bado zinafanya kazi, na ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Mwaka 2009 waandishi wa habari waliokuwa wakichunguza biashara ya taka za kompyuta walinunua diski sokoni Tema, Ghana, na ndani ya moja wakakuta nyaraka za mikataba baina ya kampuni ya Northrop Grumman na Serikali ya Marekani. Ikiwa siri za dola kubwa zimeuzwa katika soko la Afrika Magharibi, nini kitazuia majina, namba za vitambulisho na magonjwa ya wananchi wetu yasiuzwe pamoja na chuma chakavu?

Nchi yetu ina sheria juu ya jambo hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake imeundwa. Kabla ya hapo, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 ilikwisha kuiwekea ofisi ya umma wajibu wa kutunza kumbukumbu na kutoziharibu ovyo. Kumbukumbu haiachi kuwa kumbukumbu kwa sababu imeandikwa kwa sumaku badala ya wino. Kwa hiyo diski inayotolewa ndani ya kompyuta ya Serikali isiondoke na fundi, isitupwe, wala isiwekwe dirishani. Iandikwe katika rejista, ifungiwe, na ikithibitika kwamba hakuna cha kuokoa, itobolewe au ipondwe mbele ya mashahidi wawili wenye kutia sahihi. Mabaki yake nayo yapelekwe kwa wakusanyaji wa taka za kielektroniki wenye kibali, yasichomwe nyuma ya ofisi.

Tunataka kusema neno la pekee juu ya visiwa. Mkazi wa Pangani au Kongowe akiambiwa "njoo wiki ijayo", hasara yake ni nauli ya daladala. Mkazi wa Jibondo au Bwejuu akiambiwa hivyo, hasara yake ni bamvua nzima ya uvuvi, malazi ya ugenini, na bahari ya kuvuka mara mbili. Uzembe ule ule mmoja una bei mbili. Tena hewa ya chumvi hula shaba na chuma, na umeme wa visiwani una historia yake. Wananchi wa Unguja hawajasahau mwezi mzima wa giza mwaka 2008, wala miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, umeme wa kutoka Bara ulipokatika. Ofisi za visiwani ndizo zinazohitaji kutangulizwa kupewa betri za akiba za kuizima mashine taratibu umeme unapokatika, diski za badala zinazokaa stoo kabla ya kuhitajika, na angalau fundi mmoja aliyefundishwa na anayeishi huko huko. Kumtoa fundi Dar es Salaam kwa ajili ya skrubu nne ni matumizi mabaya ya fedha za umma.

Kwa ajili hiyo tunatoa mwito kwa wahusika wote. Wakurugenzi wa Halmashauri zetu, za Kibaha, Kisarawe, Mafia na nyinginezo, waamuru kwamba hakuna kompyuta itakayofutwa katika daftari la mali mpaka fundi mwenye sifa aandike kwamba haitengenezeki. Kila ofisi iwe na mtumishi mmoja, kwa jina, anayewajibika kwa nakala, na jina hilo lijulikane kwa wote. Bajeti ya mwaka itenge fungu dogo la kubadilisha diski kabla hazijafa, kama tunavyobadilisha tairi kabla hazijapasuka. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA vipewe mashine zilizoondolewa maofisini, zikiwa zimetolewa diski zake, vijana wajifunzie kuzifungua na kuzifunga. Na Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo ina dhamana ya kusimamia matumizi ya teknolojia serikalini, izidi kukagua si mifumo mikubwa peke yake, bali pia meza ya mtendaji wa kata.

Wananchi nao wana sehemu yao. Msiridhike na kauli ya kwamba "iko kwenye kompyuta". Ombeni nakala yenye mhuri, mwitunze. Hatusemi hivyo kwa kuwa hatuiamini Serikali. Twasema hivyo kwa kuwa haki yenye mashahidi wawili ni bora kuliko yenye shahidi mmoja.

Mzee wetu wa Mafia aliondoka Kibaha siku ya nne. Jalada lake lilianza kuundwa upya, na lililowezesha hilo halikuwa kompyuta wala diski. Ilikuwa ile bahasha ya kaki. Ndani yake alikuwa ametunza stakabadhi, barua ya toleo na mchoro uliopigwa mhuri, vyote vimefungwa katika mfuko wa nailoni visiloe chomboni. Mvuvi asiye na ofisi aliitunza kumbukumbu ya Serikali vizuri kuliko Serikali yenyewe. Tulipomuuliza ni wangapi pale foleni waliokuja na bahasha kama yake, alitafakari kidogo, akajibu kwamba hakumwona mwingine.

Wale wengine ndio tunaowaandikia haya. Mashine ya ofisi ile sasa inawaka, na diski yake ni mpya. Kama haina nakala hadi leo, basi hakuna kilichotengenezwa pale.